Kupanda mwamba bila kamba, bahari ikiwa chini yako

Jioni maji yakijaa pale Forodhani, Unguja, vijana wa makachu hupanga foleni ukutani, wakakimbia hatua chache na kujitupa baharini wakipinduka hewani. Mgeni anayepita huwaona kama watu wasiojali roho zao. Mkaazi wa mji anajua zaidi, maana maji yakipwa ukuta ule ule hauna mtu. Vijana wale wanasoma kina, wanajua mawe yako wapi, na wanangoja saa yao.

Naanza na makachu kwa sababu ndiyo niliyoibeba kichwani nilipofika Krabi, kusini mwa Thailand. Huko nilikuta watu wakipanda majabali ya chokaa yanayochomoza baharini, hawana kamba wala mkanda wa kiunoni, na mikono ikiwachoka wanaanguka majini. Nilidhani mchezo huo naujua tayari. Nimekulia pwani, naogelea, na gatini nimeruka mara zisizo na idadi. Mpando wa kwanza tu ulinionyesha tofauti. Mrukaji huchagua aondoke ukutani saa ngapi, aelekee wapi, na mwili auweke vipi. Mpandaji hachagui. Kidole kinateleza, kijiwe kinamegeka, mkono unaishiwa nguvu, naye yuko hewani kabla hajajua. Ukishalielewa hilo, mengine yote kuhusu mchezo huu yanaeleweka, kwa kuwa kila kanuni yake imewekwa kwa ajili ya anguko ambalo mtu hakulipanga.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Wengi wakisikia kupanda bila kamba humfikiria Alex Honnold, Mmarekani aliyepanda El Capitan kule Yosemite tarehe 3 Juni 2017, peke yake, ukuta wa takriban mita 900, kwa saa 3 na dakika 56. Pale kosa moja ni kifo. Huu ninaoueleza ni mchezo mwingine, ingawa picha iliyopigwa kwa karibu haiwezi kuutofautisha: viatu vya mpira vinavyobana vidole, kifuko cha unga mweupe kiunoni, basi. Tofauti iko chini ya nyayo. Kwa Honnold palikuwa na ardhi, na kwa mpandaji wa baharini pana maji ya kina. Maji yamechukua kazi ya kamba. Lakini kamba iliyofungwa vizuri hufanya kazi yake saa zote, na maji huifanya kwa masharti, masharti yanayobadilika ndani ya mchana mmoja.

Mchezo ulizaliwa kisiwani Mallorca, Hispania. Mwaka 1978 kijana wa huko, Miquel Riera, alikuwa amechoshwa na upandaji wa zama zile, wa kugongomea vyuma jabalini na kujivuta navyo. Yeye na wenzake wakaenda Porto Pi, karibu na mji wa Palma, wakaanza kupanda miamba iliyo juu ya bahari kwa mikono na miguu tu. Wakauita psicobloc: bloc ni kupanda jabali fupi bila kamba, na psico ni ile kazi ambayo akili huifanya mtu anapojua kwamba hakuna kinachomshika. Kwa zaidi ya miaka 20 ulibaki mchezo wa wachache. Kusini mwa Uingereza, kwenye majabali ya Dorset, walikuwepo watu wengine waliolifikia wazo hilo hilo kwa njia yao katika miaka ya 1980. Mwaka 2001 Tim Emmett wa Uingereza na Klem Loskot wa Austria walikwenda Mallorca, na picha za safari hiyo ndizo zilizoutangaza mchezo kwa wapandaji wa nchi nyingine.

Kisha akaja Chris Sharma, Mmarekani, akakuta Es Pontàs, tao la asili linalosimama peke yake majini kusini-mashariki mwa kisiwa. Katikati ya njia aliyoichagua pana mahali ambapo hakuna pa kushika kabisa. Inabidi mtu auachie mwamba, aruke hewani kama mita 2, na kudaka ukingo wa mbele. Sharma aliukosa ukingo ule mara nyingi mno. Kila mara alianguka baharini, akaogelea, akajikausha, akarudi. Mwaka 2006 akaimaliza njia. Ilipita miaka 10 kabla ya mtu wa pili, Jernej Kruder wa Slovenia, kuimaliza pia. Weka habari hii kando ya ile ya Honnold. Aliyeko juu ya ardhi hathubutu kujaribu asichokuwa na hakika nacho, na aliyeko juu ya maji anaweza kushindwa siku nzima na kesho akarudi. Bahari iliwapa wapandaji ruhusa ya kukosea, na ndiyo maana mchezo huu unavutia hata watu wa kawaida walio likizoni.

Sasa nije kwenye jambo linalowapotosha wageni kuliko yote, yaani umbo la mwamba. Mtu asiyejua akipelekwa na mashua mbele ya majabali mawili, moja limelala kidogo kama ngazi na jingine limejinamia baharini kama paa la kibanda, atalichagua la kwanza. Linaonekana la upole. Kumbe hilo ndilo la kuogopwa. Ukiteleza kwenye mwamba uliolala, huanguki majini. Unaanguka juu ya mwamba, unaburuzika, unagonga kila kilichotokeza, na majini unafika ukiwa umeshaumia. Ukiteleza kwenye mwamba uliojinamia, hakuna cha kugonga kati yako na bahari.

Mafundi wa ujenzi wana timazi, uzi wenye uzito mwishoni, wa kupimia kama ukuta umenyooka. Mpandaji hubeba timazi yake kichwani. Kila anapofika, hujiuliza: uzi ukishuka kutoka kiunoni mwangu hadi chini, utagusa nini kwanza? Ukigusa maji yaliyo wazi, mita mbili tatu kutoka kwenye jabali, aendelee. Ukigusa jiwe, hata liwe dogo, hapo si pahali pa kuwa bila kamba. Swali hili halina budi kurudiwa njia nzima, kwa sababu mwamba uliojinamia chini unaweza kulala huko juu, ukamrudisha mtu katika hatari akiwa amefika mita 12.

Kwa nini majabali ya baharini hujinamia hivi? Mengi ni chokaa, na chokaa huliwa na maji. Kwenye usawa wa bahari, mawimbi na vijidudu vinavyong'ang'ania jiwe hulitafuna mwaka baada ya mwaka, mpaka sehemu ya chini inaingia ndani na ya juu inabaki imetokeza. Waliofika Watamu, Kenya, wameona kazi hiyo hiyo kwenye visiwa vidogo vya mawe ya matumbawe vilivyosimama kama uyoga. Naomba msomaji asikimbilie kuvipanda. Vile ni vifupi, jiwe lake hukata kama wembe, na maji yakipwa watu huvifikia kwa miguu. Umbo linafanana na la Krabi, ila kinachohitajika chini yake hakipo.

Hapo pana kikwazo kinachomkabili kila anayeanza. Mwamba uliojinamia ndio wenye usalama, lakini ndio mgumu kuupanda, kwa kuwa uzito wote huhamia mikononi. Mwamba rahisi ndio unaoumiza. Ndiyo maana pwani zinazomfaa mwanafunzi ni chache duniani, japo majabali ya baharini yamejaa kila bara. Krabi imejaliwa kwa sababu ya mvua. Maji ya mvua hupenya ndani ya chokaa, hutokea upande wa bahari, hudondoka, na kila tone huacha chokaa kidogo. Baada ya karne nyingi hutokea nguzo zinazoning'inia kama viwele vya ng'ombe, nene za kutosha kukumbatiwa, zenye matundu ya kuingiza mkono mzima. Kwa hiyo mtu anapata jabali lililojinamia sana, lenye vishikio vikubwa mithili ya ngazi. Muungano huo ni adimu, na ndio unaowaleta wageni Railay, Ao Nang na kisiwa cha Poda.

Tuzungumze urefu. Macho hudanganya hapa, kwa sababu mita 10 ukiwa mashuani huonekana si kitu, na ukiwa juu huonekana mnara. Hesabu haidanganyi. Mtu anayeanguka kutoka mita 3 huyafikia maji kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5, karibu 36. Kutoka mita 10, takriban 50, huo ni mwendo wa gari mjini. Mita 20 ni zaidi ya 70. Muda wenyewe ni mfupi: sekunde 1 kwa mita 5, sekunde 2 kwa mita 20. Katika muda huo mtu aliyebanduka mwambani bila kutarajia, pengine akiwa amelala chali, anatakiwa kujiweka sawa.

Maji hayalainiki kwa sababu ni maji. Ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, nayo hayabonyei. Ili mwili upite, lazima yasogezwe pembeni, na kadiri eneo linalogonga lilivyo pana ndivyo yanavyokataa kusogea kwa haraka. Miguu iliyobanwa pamoja hupasua njia kama msumari. Tumbo au mgongo hugonga kama ubao. Kutoka mita 10, mtu akitua kifudifudi anaweza kuumia mapafu au wengu. Akitua kama aliyekaa kitini, mshindo hupanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na maji huweza kuingia kwa nguvu mwilini kwa njia ya chini na kujeruhi ndani. Mambo haya watu huona haya kuyasema mbele ya wageni, lakini ndiyo yanayotokea, na afadhali uyasikie kabla.

Mkao unaofundishwa ni mmoja: miguu chini na pamoja, magoti yakiwa na mkunjo mdogo sana, tumbo na makalio yamekazwa, mdomo umefungwa, mikono imebanwa kifuani au ubavuni wakati wa kuingia. Angani mikono inaweza kuzungushwa ili mwili usimame wima, halafu inarudishwa haraka. Usiangalie chini wakati wa kutua, maana kichwa kikiinama mwili nao huinama. Wanaoruka kwa ushindani kutoka mita 27 hutua kwa miguu, na waokoaji huwangoja majini. Ikiwa mabingwa wanatua kwa miguu, mgeni wa siku moja asijaribu kichwa.

Huenda umeona kwenye mashindano ya kupiga mbizi uso wa bwawa ukimwagiwa maji kila mara. Wengi huamini kwamba hulainisha maji. Kazi yake kubwa ni kumsaidia mrukaji kuuona uso wenyewe, kwa sababu maji yaliyotulia kabisa hayaonekani, na asiyeuona hajui ajikaze lini. Baharini ni vivyo hivyo: asubuhi bahari ikiwa shwari kama kioo, watu hukosea kukisia umbali. Viwimbi vidogo ni msaada.

Kwa anayeanza, kwa maoni yangu, mita 5 au 6 zinatosha siku nzima. Hakuna anachokikosa. Hofu ya mita 6 ni hofu kamili, na mwili unajifunza yote unayohitaji kujifunza.

Tumefika kwenye maji kujaa na kupwa, na hapa mtu wa pwani yetu ana elimu ambayo wageni wa Ulaya ya ndani hulazimika kuisoma vitabuni. Tunajua kwamba mwezi ukiwa mpevu au mwandamo kuna bamvua, bahari inapanda sana na kushuka sana, na kwamba katikati yake kuna maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Pwani ya Tanzania na Kenya bamvua husogeza maji zaidi ya mita 3 ndani ya saa 6 na dakika chache. Krabi nako bamvua husogeza maji kwa mita kadhaa, mara mbili kwa siku kama kwetu.

Tuseme maji yameshuka mita 2 na nusu. Kina kilichokuwa mita 6 sasa ni mita 3 na nusu. Wakati huo huo, kishikio kilichokuwa mita 6 juu ya bahari sasa kiko mita 8 na nusu. Unaanguka kutoka juu zaidi, ukiingia katika maji machache zaidi. Hasara mbili kwa tendo moja, na jabali lenyewe halijabadilika hata unywele. Kwa kulinganisha, mabwawa yenye jukwaa la kurukia la mita 10 hujengwa yakiwa na kina cha karibu mita 5, tena ni mabwawa yasiyo na jiwe hata moja chini.

Maji pia hayashuki kwa mwendo mmoja. Wavuvi wanalijua hili bila hesabu, na mabaharia wana kanuni yake: gawa tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mafungu 12. Saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti yote ni mita 3, saa ya kwanza maji hushuka sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu peke yake huondoka na sentimita 75. Mgeni aliyeangalia maji baada ya saa moja, akaona hayajasogea sana, atadhani ana mchana mzima. Hana.

Mallorca habari ni nyingine. Bahari ya Mediterania haipwi wala haijai kwa kiasi kikubwa. Tofauti haifiki hata nusu mita. Mahali kama Cova del Diablo, karibu na Porto Cristo, kina cha asubuhi ndicho cha jioni. Huko adui ni mawimbi. Upepo uliovuma mbali juzi huleta mawimbi marefu leo, wakati juu hapa jua linawaka na hakuna jani linalotikisika. Mtu anaanguka salama kabisa, kisha hawezi kutoka. Chini ya kuta zile hakuna ufuko. Kutoka majini ni kushika jiwe wakati wimbi linapokupandisha na kupanda haraka kabla halijashuka, na wimbi likiwa kubwa hukurudisha chini likikuburuza kwenye jiwe kali. Ukishindwa mara tatu, nguvu zimekwisha. Kwa hiyo wazoefu huanza na swali la kutoka: nitatokea wapi, na je, naweza kupatokea hapo nikiwa nimechoka, nimetikiswa, na viatu vimejaa maji? Wasipopata jibu, hawapandi. Wengine huacha kamba yenye boya ikielea karibu na mahali pa kutokea. Ni jambo la busara, na linaonyesha kwamba katika mchezo huu kamba bado ina nafasi yake, ila si juu.

Vitabu vya njia za Dorset vimeutafsiri ugumu huu kwa namna ninayoipenda. Njia hupewa alama mbili. Moja hueleza jinsi ilivyo ngumu kuipanda, kama mahali pengine popote. Ya pili, kuanzia S0 hadi S3, hueleza jinsi ilivyo hatari kuianguka: S0 ina maji ya kutosha karibu wakati wote, na S3 ni ile ambayo maji hayatakusaidia sana. Njia inaweza kuwa ngumu kupindukia na ikawa S0, au nyepesi ya kupandwa na mtoto na ikawa S3. Krabi nahodha hakupi kitabu chenye alama hizo. Lakini ukimuuliza maswali hayo mawili kwa kutenganisha, ni ngumu kiasi gani kuipanda na ni hatari kiasi gani kuianguka, utapata majibu mawili tofauti, na la pili ndilo la kusikiliza kwanza.

Siku yenyewe huwa hivi. Unaondoka na mashua ya mbao yenye injini iliyofungwa kwenye mhimili mrefu. Railay yenyewe hufikiwa kwa mashua tu, maana majabali yameikata kutoka bara. Msimu mzuri ni kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati pepo za kaskazini-mashariki zinavuma na pwani hiyo inakingwa na nchi kavu. Ni pepo za ukoo mmoja na kaskazi yetu, ile iliyoleta majahazi kutoka Oman. Kuanzia Mei upepo hugeuka, mvua na mawimbi huja, na mashua nyingi hazipeleki watu miambani.

Mashua haikaribii ukuta sana. Unaogelea, au unapelekwa kwa mtumbwi mdogo wa kasia, mpaka kwenye ngazi ya kamba inayoning'inia. Ngazi ina sababu. Pale maji yanapogusa jiwe, chaza wameshonana wakiwa na kingo kali, na wanyama wa miiba mirefu myeusi wamejificha kwenye nyufa. Majeraha mengi ya siku ya kwanza, niliyoyaona kwa macho yangu, yalikuwa ya nyayo na viganja vilivyokatwa na chaza, watu wakijaribu kupanda bila ngazi. Ukishapanda juu ya mkanda huo wa chaza, jiwe linakuwa safi.

Kofia ngumu hakuna, kwa sababu ukitua majini nayo hunasa maji na kuivuta shingo. Boya la kuvaa nalo halifai kwa anayeanguka kutoka juu. Ukizama ghafla hukuvuta kwapani na kidevuni, na halikuachi uingie majini vizuri. Hapo ndipo ninaposema bila kupepesa: asiyejua kuogelea asipande. Sisemi ajifunze siku hiyo, au ashike boya karibu. Asipande. Wapo waandaaji wanaowaambia wageni kwamba kujua kuelea kunatosha. Mimi nilikuwa na mwenzetu aliyeambiwa hivyo, na alipoanguka kutoka mita 4 tu, maji yakamwingia puani, akasahau yote aliyoyajua. Alitolewa na kijana wa mashua aliyekuwa anamwangalia. Angekuwa anaangalia simu, ningekuwa naandika makala nyingine. Kipimo changu ni mita 100 kwenye maji ya kina, bila kusimama, ukiwa na viatu miguuni. Na pawepo mtu mmoja asiyepanda, kazi yake ni kukutazama.

Unga mweupe wa mikononi ukilowa ni uji, viatu vikilowa huteleza. Kwa hiyo mpando wa kwanza ndio mzuri kuliko yote, na kila unaofuata mtu yuko mzito zaidi na vidole vimelainika kwa maji. Hili huwapata hata wenye nguvu. Miamba mingi huumiza watu mchana, kwenye njia waliyoipanda vizuri asubuhi.

Kingine ni kwamba kupanda ni rahisi kuliko kushuka. Jicho huongoza mkono kwenda juu, lakini mguu unaoshuka hauoni. Kwa hiyo kila mita unayopanda ni mita utakayoirudisha kwa kuanguka au kuruka, isipokuwa njia hiyo ina mahali pa kutokea juu. Wageni wengi hunasa hapo. Wamefika mita 9, hawawezi kupanda zaidi, hawawezi kushuka, na hawataki kuruka. Wanang'ang'ania mpaka vidole vifunguke vyenyewe, na ndipo wanapoanguka vibaya, mgongo mbele.

Kijana aliyetuongoza alinifundisha dawa yake, na sijasikia ushauri bora zaidi tangu hapo. Kwanza, kabla ya kupanda, ruka kutoka mita 3, kisha 5, mpaka mwili uzoee. Pili, ukiwa mwambani na ukahisi mikono imejaa na vidole vinaanza kukunjuka, usingoje. Angalia chini, hakikisha maji yako wazi, jisukume kidogo kwa miguu, na uachie mwenyewe. Yaani ligeuze anguko liwe mruko wakati bado una nguvu za kuligeuza. Nilipomsikia niliwakumbuka wale vijana wa Forodhani. Uchaguzi walio nao wao juu ya ukuta, mpandaji anaweza kuuokoa pia, mradi akubali kuuacha mwamba sekunde tano kabla mwamba haujamwacha yeye.

Nimalizie na bima, jambo linalowahusu hasa wasafiri wa kwetu. Anayeomba viza ya Schengen ili aende Hispania hutakiwa kuwa na bima ya safari ya angalau euro 30,000, na wengi huinunua kwa ajili ya kupita ubalozini tu, hawaisomi. Bima nyingi za aina hiyo huorodhesha michezo zisiyoigharamia, na kupanda miamba na kuruka majabalini huwa humo. Ina maana mtu anaweza kuvunjika uti wa mgongo Mallorca akiwa na karatasi ya bima mfukoni isiyolipa kitu. Kabla hujaondoka nyumbani, uliza kwa maandishi kama kupanda mwamba bila kamba juu ya maji kunalipiwa, na jibu lao lihifadhi. Kuna kampuni zinazouza nyongeza ya michezo ya hatari, nayo ni nafuu kuliko siku moja ya hospitali ya ugenini.

Siku ile ya Krabi maji yalianza kupwa baada ya adhuhuri. Nilikuwa na hamu ya mpando mmoja zaidi, ukuta ule ule wa asubuhi, mita zile zile 6 nilizokwisha zizoea. Nahodha wetu, mzee aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alininyooshea kidole kwenye jabali. Mkanda wa chaza, uliokuwa majini tulipofika, ulikuwa nje kwa urefu wa mtu mzima, bado unachuruzika. Akaonyesha mkanda, akaonyesha kishikio changu cha juu, kisha akateremsha kiganja chake taratibu mpaka usawa wa bahari. Nikavua viatu, naye akawasha injini.